Ndege Iliyoelekezwa Mlangoni

Jumatatu, 3 Julai 1995. Izigo.

Nimeamka. Nimesali. Nimefungua daftari jipya, kwa kuwa mambo makubwa hayapaswi kuachiwa kumbukumbu ya mzee wa miaka sabini na moja.

Jambo lenyewe ni hili. Jana baada ya ibada ilitangazwa kwamba ndege ndogo ya misheni iliyoko Bukoba itamleta Daktari Urmila mara moja kila mwezi katika kijiji kimoja cha Muleba. Kimoja tu! Ama Izigo, ama Kyabigega. Jumamosi ya tarehe kumi na tano atapita kote kuwili, aanze kwetu. Atakapotua salama na kupokewa ipasavyo, hapo ndipo atakaporudi.

Lazima iwe Izigo. Mjukuu wangu Koku, mwenye miaka saba, anakohoa tangu Pasaka. Baba yake, mwanetu Yoeli, amelala katika kibanja chetu, chini ya migomba, tangu mwaka juzi, na mkewe pembeni yake. Mara ya mwisho Kezia, mke wangu, alimpeleka Koku hospitali kwa baiskeli ya kukodi. Siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, na mtoto akarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Hili si jambo la mzaha.

Anayesimama upande wa Kyabigega ni Pastory. Tulisoma naye shule ya walimu wa dini. Mwaka 1947 alinishinda katika mtihani wa nyimbo, kwa hila. Nimemsamehe. Namsamehe kila mwaka.

Jumanne, 4 Julai. Bukoba.

Kamati ya Ndege imekutana dukani kwa Girish, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini. Tumeketi juu ya magodoro mapya, jambo ambalo halisaidii fikra. Girish ameleta vifaa viwili kutoka Nairobi, tuchague kimoja. Vinaitwa GPS. Havifungwi ndani ya ndege. Hushikwa mkononi na kuhamishwa.

Rubani ni Kapteni Sayi, Msukuma mrefu, mwenye adabu. Ametueleza kwamba kifaa hiki husikiliza setilaiti zilizo juu, zisizoonekana, kisha humwambia mtu mahali alipo na mahali anapopaswa kwenda. Nimemjibu kwamba kazi hiyo nimeifanya miaka arobaini, bila betri.

Kifaa cha kwanza hakina picha. Kina namba na mshale tu, nacho hula betri za redio, zinazopatikana hata Izigo. Cha pili huchora ramani nzima kwa rangi! Mara moja nikasimama upande wa cha pili. Pastory akauliza kama ninatafuta ndege au picha ya ukutani. Sayi akasema kwa upole kwamba betri ya hicho cha pili ni ya namna yake na huchajiwa kwa umeme, na kwamba jua likikipiga, picha hufifia. Akatutoa nje tukashuhudia. Nikaona uso wangu mwenyewe, basi.

Tukarudi ndani, nikaomba kuiona Izigo. Haimo! Muleba haimo. Ziwa limelala jeupe kama sahani, bila kisiwa hata kimoja. Bukoba yenyewe imewekwa majini, umbali fulani kutoka ufukweni. Nimepata kizunguzungu. Tumeketi wapi, basi?

Ndipo Sayi akasema kwamba kifaa cha kwanza hakijui kijiji chochote hadi kifundishwe, na kwamba kinaweza kufundishwa mahali mia moja. Chombo kisichojua kitu na kinachokubali kufundishwa! Nimewatafuta wanafunzi wa aina hiyo maisha yangu yote. Nikahamia upande wa cha kwanza palepale. Sayi akacheka, akasema Wahaya bwana, hata kifaa lazima kwanza kipite shule.

Kura zote zimekwenda kwa cha kwanza. Pastory amesema mimi nimekipigia kura mara mbili, ya kukikataa na ya kukikubali.

Jumatano, 5 Julai. Kibeta, kwa mpwa wangu.

Ramani za viwanja vyetu vidogo hazipo. Hivyo Sayi alikusudia kwenda mwenyewe kwa gari, asimame kila uwanja na kubonyeza. Nikaona mlango wa hila njema. Nikamwambia kwamba barabara ni mbaya na mgongo wake ndio mgongo wa misheni nzima. Tumpe kazi hiyo mzee asiye na haraka. Akafikiri. Akakubali!

Pastory naye akadai haki sawa. Ameondoka na kifaa leo. Zamu yangu ni Ijumaa.

Sayi amenifundisha mara tatu. Nisimame katikati ya uwanja, nje, peupe. Kifaa kikipata setilaiti nne, nibonyeze na kushikilia. Kisha niandike jina. Ameongeza kwamba kifaa ni msaidizi tu. Hata kikisema nini, rubani hutazama nje kwa macho yake. Nimeona hiyo ni imani haba.

Ijumaa, 7 Julai. Izigo.

Nimekipakata ndani ya basi, kimefungwa kwa kitambaa safi. Njia nzima nimetafakari.

Uwanja wetu uko rweya. Rweya ni nyika ya majani matupu iliyo ng'ambo ya vibanja. Hakuna mgomba, hakuna nyumba. Ng'ombe wa jirani yetu Buberwa hulala hapo. Zamani tulizika huko watu wasio na kwao. Sasa najiuliza: tangu lini mgeni wa heshima akaelekezwa rweya? Mgeni huelekezwa mlangoni. Hukaribishwa, hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, naye hutafuna. Baada ya hapo, akipenda, hutembezwa akaone ng'ombe.

Na Pastory amekwisha kubonyeza rweya! Ameitambulisha Kyabigega kwa mgeni kama mtu anayempitisha mkwe zizini. Nimefurahi kiasi cha kukosa huruma. Nimetubu.

Uamuzi: Izigo itaingizwa ndani ya kifaa ikiwa kizingitini pangu. Si kwa kiburi. Nyumba yangu ndiyo yenye bati jipya.

Nimekiweka kizingitini saa nane mchana. Kikaandika kwamba kinatafuta. Saa tisa: kinatafuta. Saa kumi: kinatafuta. Kezia akapita na ndoo, akauliza yai hilo litaanguliwa lini.

Jumamosi, 8 Julai.

Nimegundua kasoro! Migomba. Majani yake yamefunika paa na ua wote. Kifaa hakioni mbingu. Nikachukua panga. Nilianza na mitatu. Setilaiti moja. Nikaendelea hadi tisa. Mbili. Jasho lilinitoka, lakini mtu aliyeshika jembe hatazami nyuma, sembuse aliyeshika panga. Mgomba wa kumi na tisa ulikuwa na mkungu uliokaribia kukomaa. Nilifumba macho. Ukaanguka.

Setilaiti nne!

Nikabonyeza. Nikaandika IZIGO. Herufi hupatikana kwa kupanda na kushuka moja baada ya nyingine, nami niliipita Z mara sita. Nusu saa. Imeingia.

Nilipoinua kichwa, wanaume wanne walikuwa wamesimama uani wamevua kofia, na majembe mkononi. Walisikia migomba ikikatwa karibu na nyumba wakajua kwamba tunasafisha mahali pa kaburi. Siku hizi hakuna anayeuliza mara mbili. Buberwa alinishika mikono yote miwili akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani safari hii. Nikasema hakuna aliyekufa, ni ndege. Wakatazamana. Mmoja akasema pole hivyo hivyo.

 Kezia alitoka nje, akamwinua Koku amwonyeshe mahali palipokuwa na kivuli. Kisha akaanza kumenya ndizi.

Jumatatu, 10 Julai. Bukoba.

Nimerudisha kifaa. Sayi akauliza kama nilibonyeza katikati kabisa. Nikamjibu kwamba nilibonyeza katikati kabisa ya mahali panapostahili. Sentensi hiyo nimeipima mbele za Mungu. Haina uongo.

Nikaomba kiti ndani ya ndege siku ya Jumamosi. Amekubali, kwa kuwa Daktari Urmila hajawahi kufika kwetu na atahitaji mwenyeji. Naam! Pastory atabaki chini akitazama juu, nami nitashuka kutoka juu nikitazama chini.

Alhamisi, 13 Julai. Izigo.

Maandalizi. Nimetangaza kwamba watu wote wakusanyike kwangu, si rweya. Kwaya ivae nyeupe. Buberwa akauliza kama aondoe ng'ombe uwanjani. Nikamjibu kwamba ng'ombe hawamo katika ratiba.

Tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Kezia ndiye anayezipakua. Leo amesimama na mwiko mkononi. Ameniuliza: ndege ikishafika hapa mlangoni, itakanyaga wapi?

Nimemwambia kwamba huo ndio utaalamu.

Nakiri hapa, faraghani, kwamba swali hilo lilikuwa halijanijia. Nimeliwaza kwa muda. Kila nikilishika, linateleza. Hatimaye nimeliweka mikononi mwa Kapteni Sayi, kwa kuwa ndiye mwenye leseni.

Jumamosi, 15 Julai. Kyabigega.

Ndiyo, naandika kutoka Kyabigega. 

Tuliondoka Bukoba saa mbili na nusu. Sayi mbele, mimi pembeni yake, Daktari Urmila nyuma na masanduku ya dawa. Sayi alikuwa amekibandika kifaa juu ya dashibodi. Nikaona kinaonewa na jua, nikakisogeza hadi kando ya dira, penye kivuli. Dira ikageuka! Sayi akasema, Mzee wangu, ukikiacha hapo tutakula chakula cha mchana Kongo. Nikakichukua mapajani, nikakifunika kwa kofia. Kikaandika kwamba kimepoteza mbingu. Daktari akaomba kwa upole kwamba mzee asikiguse tena. Nikakirudisha mahali pake, nikaweka mikono chini ya makalio.

Chini kulikuwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa majani yanayochomwa. Lakini mshale ulikuwa imara! Namba zikashuka. Tatu. Mbili. Moja. Sifuri.

Nikapaza sauti: tumefika!

Sayi akatazama nje kwa macho yake. Akauliza uwanja uko wapi. Nikamwonyesha mlango wangu.

Hakika ulikuwa pale, chini yetu kabisa. Bati linang'aa. Tundu nililolikata kati ya migomba, la mviringo kama bakuli. Kwaya imesimama nyeupe. Nilitokwa na machozi. Sayi hakutokwa na kitu. Akauliza tena, polepole, herufi kwa herufi, uwanja wa ndege uko wapi. Nikamwambia kwamba ni mwendo mfupi kutoka mlangoni, tukishatafuna kahawa. Nyuma yangu Daktari alitoa sauti ambayo sikuweza kuipa jina.

Sayi akashusha ndege ili aone vizuri. Hapo nikashuhudia jambo ambalo sikulitarajia. Kwaya ilipasuka. Wote waliokuwa watu wazima mwaka 1978 walikumbuka kwa miguu. Wakati wa vita vya Kagera, ndege ikishuka hivi, mtu alikimbilia chini ya migomba na kulala kifudifudi. Wakakimbia! Waliokwenda upande wa kushoto walipata migomba. Waliokwenda upande wangu walipata visiki kumi na tisa, wakalala kati yake, nyeupe tupu, wakionekana kutoka Bukoba.

Kezia peke yake alisimama. Mkono mmoja amemshika Koku. Mwingine ameunyoosha kuelekea magharibi, haupungi, umenyooka tu. Nikamwambia Sayi kwamba anatubariki. Akasema, Mzee wangu, huyo mama anatuonyesha njia, na laiti angekuwa ndiye kifaa.

Tukaufuata mkono wa Kezia, tukaipata rweya. Ng'ombe wa Buberwa walikuwa wamelala uwanjani, wote, wakicheua. Tukapita juu yao mara tatu. Mmoja aliinua kichwa. Buberwa mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi uani kwangu. Sayi akatazama mafuta, akatazama saa, akasema basi.

Mshale ukageuka. Namba zikashuka. Sifuri ikaangukia juu ya majani yaliyofyekwa, mawe yaliyopakwa chokaa, na Pastory katika koti lake la harusi. Ameshika akamwani juu ya jani la mgomba. Rweya! Mgeni amepokelewa rweya, mbele ya watu wote, bila kizingiti! Nikamtazama Daktari nione atakavyochukizwa. Akachukua buni mbili, akatafuna, akacheka, akasema asante sana waitu. Alilitamka neno hilo la heshima la Kihaya vizuri kuliko Sayi.

Sielewi.

Wagonjwa walikuwa wengi, wengi wao wakiwa mabibi na wajukuu. Niliketi kando. Hakuna aliyenihitaji. Baada ya muda wa saa tatu nikaona baiskeli ikipanda mlima: Buberwa anasukuma, Koku yuko juu, Kezia nyuma kwa miguu, vumbi hadi kiunoni. Pastory alikimbia, kwa umri ule, akampokea mtoto mgongoni. Akaomba mama huyu wa mbali atangulizwe, na watu wa Kyabigega wakasogea bila kunung'unika.

Daktari alisikiliza kifua cha Koku kwa muda mrefu. Nilisali bila maneno. Kisha akasema ni kifua kilichokaa sana, kinatibika, ila lazima amwone kila mwezi bila kukosa, hadi mwisho wa mwaka. Amemchoma sindano na kumpa dawa.

Ilibaki kuamua kijiji. Pastory akasimama. Nikajua mwisho wetu umefika. Kumbe alisema Izigo ipewe nafasi moja tena, kwa sababu watoto wa huko hawana kosa, na kwa sababu anamfahamu Nathanieli, yaani mimi, tangu ujana. Hupotea mara mbili kabla ya kufika, kwa hiyo sasa imebaki mara moja. Watu wakacheka. Daktari akakubali. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Agosti atajaribu tena. Akitua, Izigo ndiyo itakayochaguliwa. Akishindwa kutua, atabaki Kyabigega mwaka mzima, na Koku atakuja kwa baiskeli mlima huu kila mwezi, kifua hicho hicho.

Hila ya Pastory siijui bado. Namsamehe mapema.

Alhamisi, 20 Julai. Izigo.

Jana Kezia alikwenda Bukoba peke yake. Nilidhani anakwenda kununua chumvi. Amerudi leo asubuhi na kifaa ndani ya kikapu, juu ya dagaa. Aliniambia, “Ba Yoeli, wewe kaa.” Nikakaa.

Amekwenda rweya na Buberwa. Buberwa amewaswaga ng'ombe. Kezia amesimama katikati kabisa ya uwanja, amebonyeza, ameweka jiwe jeupe pale aliposimama, amerudi. Kazi nzima imechukua muda wa kuchemsha maharage. Kisha akapanda basi la mchana kurudisha kifaa. Hakusali hata sala ndefu.

Koku amekula mara mbili leo.

Jumatano, 2 Agosti.

Uwanja umefyekwa. Buberwa ameapa kuwafunga ng'ombe siku hiyo. Watu wameambiwa, kwa kinywa cha Kezia, wasikimbie. Mimi sikupewa kazi. Nimeambiwa nipumzike. Mtu anayepumzika hutafakari.

Ijumaa, 11 Agosti.

Nimepata ufumbuzi. Namshukuru Mungu, maana umekuja jioni ya mwisho.

Nimekosa wapi mwezi uliopita? Nimejichunguza bila huruma. Kosa langu lilikuwa kuipa ndege mlango usio na uwanja. Nalikiri. Lakini Kezia naye, kwa bidii yake yote, ameipa uwanja usio na mlango. Kesho Daktari atashuka kati ya majani kama mtu asiye na mwenyeji, na Kyabigega itatulinganisha nayo na kutuona sawa! Ukweli, kama kawaida, uko katikati.

Basi mchana, Kezia akiwa kwenye kipindi cha akina mama, nimeung'oa mlango wa mbele pamoja na fremu yake. Nimeupaka chokaa. Nimeubeba hadi rweya, nikipumzika mara kumi na moja. Nimechimba mashimo mawili yenye kina cha mkono mzima, nikasimamisha nguzo za mti usioliwa na mchwa, nikashindilia kwa mawe, nikaupigilia mlango katikati yake. Mahali sikuhitaji kubahatisha. Jiwe jeupe la Kezia lilikuwa pale pale, katikati kabisa ya uwanja.

Kezia amerudi, ameona tundu mbele ya nyumba, ameuliza mlango uko wapi. Nimemwambia kwamba fundi anaushughulikia. Sentensi hiyo nimeipima. Haina uongo, kwa kuwa fundi ni mimi.

Nimeusukuma kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Hautikisiki. Ufunguo ninao mfukoni, na akamwani nimeifunga kwenye jani. Kesho saa tatu asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu ndege zianze kuruka Kagera, mgeni atapiga hodi.